Kihenge cha Sekela na Daftari la A, B, Ch

Sekela aliingiza mkono kihengeni, akatoa mahindi. Yalikuwa na joto na ukungu wa kijani. Mwaka wa pili sasa! Akayafukia shimoni huku akisonya. Watoto watano, na mavuno bado miezi minne.

"Baba Tuntufye," alimwita mumewe Nathanaeli, "kwenye daftari lako yumo kiumbe anayejua kutoa unyevu nyumbani kwake?"

Nathanaeli alitabasamu. Tangu aanze kisomo cha watu wazima hapo Isansa, aliandika kila mdudu na ndege aliyemwona, na namna anavyoishi. Alipanga kwa a, b, ch, kama alivyofundishwa.

"Hakosekani. Anaitwa nani?"

"Ningelijua jina, ningekuuliza?"

"Bila jina nifungue ukurasa gani? Daftari lina utaratibu, mama."

"Utaratibu! Watoto watakula utaratibu?"

Mwalimu Mwajuma wa kisomo alikuwa akipita. Alisikia kelele.

"Hodi! Leo mnagombania herufi gani?"

Sekela akamweleza, mikono kiunoni. Mwalimu alilipekua daftari taratibu.

"Ni kazi nzuri. Ila mama anatafuta kiumbe kwa kazi anayoifanya, wewe umepanga kwa majina. Majina yaache mbele. Huku nyuma andika kazi: Kupitisha hewa. Kuzuia mvua. Chini ya kila kazi, taja kiumbe na ukurasa wake."

Siku tatu Nathanaeli aliandika akinung'unika. Kisha Sekela akafungua nyuma. Kupitisha hewa: mchwa, ukurasa wa kumi na nne. Kichuguu kina matundu, hewa ya joto hutoka kwa juu. Kuzuia mvua: mnana, ukurasa wa kumi na tano. Mlango wa kiota chake hutazama chini.

"Kurasa zinazotazamana!" Sekela alifoka. "Mwaka mzima zimelala pamoja, na mimi nafukia mahindi!"

Walijenga kihenge kipya. Kilikuwa na matundu chini na juu, kila tundu na mdomo wa udongo unaotazama chini, na wavu wa fito kuzuia panya. Mavuno yalipofika, waliyaanika mahindi mpaka yakakauka kabisa, ndipo wakayaingiza.

Masika yalipokolea, Sekela alitia mkono. Punje zilikuwa kavu, zikalia kiganjani kama changarawe.

Jirani yao Nikodemo akaja.

"Baba Tuntufye, paa langu linavuja. Daftarini yumo wa kunisaidia?"

"Anaitwa nani..." Nathanaeli alianza kuuliza. Akakutana na macho ya mkewe. Akaligeuza daftari, akafungua nyuma.

"Kuzuia mvua," alisema. "Kaa, ndugu yangu. Wako sita."