Mwambie Mkwe Wangu Akimbie

"Umemwambia nini baba yako?"

"Nimemwambia umeacha mbio."

"Lini nimeacha mbio mie, Kasimiri? Hebu nitazame miguuni. Hizi ni ndala?"

Kasimiri akatazama. Eufrazia alikuwa na raba zake zilizotoboka kidoleni, zimefungwa kwa kamba ya katani. Kiunoni alivaa bukta ya bluu ya timu ya kiwanda cha nguo alikokuwa akifanya kazi, na juu ya bukta amejifunga khanga, maana stesheni ya Pugu asubuhi ile ilifurika watu, na mtoto wa kike hata akiwa mwanariadha ana haya zake.

"Frazia, si uliiona telegramu ya mzee?"

"‘Hatuoi msichana wa bukta. Nakuja.’ Niliiona. Tukacheka wote."

"Tulicheka akiwa Songea. Sasa yuko kwangu Kinyerezi, kalala kitandani kwangu, mie niko mkekani. Hachekeshi tena."

"Kwa hiyo ukaona bora umdanganye."

"Nakupenda, ningefanyaje?"

"Ungenipenda pamoja na miguu yangu!"

Kasimiri, seremala mzima aliyezoea kubishana na mbao za mninga, akakuna kichwa. Alijua fika kwamba mzee Ansbert akisema hapana, basi imekwisha. Kwao harusi bila baraka ya baba haikuwepo, hata padri angekubali vipi.

"Sikiliza," Eufrazia akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Leo nakimbia. Jioni mtume mshenga akamwambie mzee ukweli. Akinikataa, na anikatae mie, asije akamkubali mtu uliyemtunga wewe."

"Na akikukataa kweli?"

"Nitalia. Unadhani nitafanya nini? Nitalia mpaka Temeke nzima ijue."

Ndugu Nassibu, katibu wa michezo, akapaza sauti kwenye kipaza sauti: "Ndugu wakimbiaji! Kutoka hapa stesheni, mnaingia msituni, mnapanda mpaka ziwani juu ya kilima. Mshindi wa kina mama ana baiskeli yake. Mstarini!"

Eufrazia akafungua khanga, akamrushia mchumba wake.

"Shika. Wahi na lori la katibu, unisubiri ziwani. Na usinitazame hivyo, nitacheka nishindwe kukimbia."

Filimbi ikalia.

Jamani, yule binti alikuwa na mbio! Mpaka wanaingia msituni kabaki na mpinzani mmoja tu, Yustina wa kiwanda cha viatu, anayehema nyuma yake. Njia yenyewe mtihani: mizizi imejitokeza, majani yameloa, huku ngedere wakipiga kelele juu. Walipofika kwenye mwinuko mkali wa mwisho, hata pumzi za Yustina hazikusikika tena. Eufrazia akaanza kuiona baiskeli kichwani, na Kasimiri amekaa nyuma kwenye keria, akiomba waende polepole.

Ndipo akaliona shati.

Shati la kitenge cha njano, mfuko mmoja umekaa upande. Angelisahauje? Alilishona mwenyewe kwa cherehani ya shangazi yake, mfuko ukamshinda, likapelekwa Songea kama salamu kwa baba mkwe. Na sasa shati lile lilikuwa linateremka kwenye njia hiyohiyo nyembamba, ndani yake mzee mwenye fimbo.

Eufrazia hakufikiri. Alichepuka, akarukia kichakani, akabana nyuma ya mti.

Usimcheke. Kwa wazee wa Kingoni wa wakati ule, mkamwana haonani uso kwa uso na baba mkwe mpaka siku atakapopewa zawadi ya kumfungulia uso. Mkikutana njiani, unaacha njia. Humpiti, humwamkii. Na hapo alikuwa na bukta! Basi akafumba macho, akisubiri mzee apite.

Akasubiri weee. Yustina akapita akihema. Akapita msichana wa pili, kisha wa tatu.

"Mbona huyu mzee hapiti?" Eufrazia akajiuliza. Akachungulia. Njia tupu. Ila ng'ambo ya njia, nyuma ya mti mwingine, kipande cha kitenge cha njano kilikuwa kimechomoza.

Mama yangu! Mzee naye kajificha!

Wakakaa hivyo, huyu huku na yule kule, kila mmoja anamsubiri mwenzake aondoke. Mwisho mzee akakohoa.

"Ewe mti," akasema, na mti anaousemesha kaushika kwa mkono. "Hebu niulizie. Huyo aliyeniona akaingia porini kama digidigi, ni mkwe wangu?"

Eufrazia akaelewa. Usiyeruhusiwa kusema naye unamtumia mtu, na asipokuwepo mtu, mti hukataa kutumwa?

"Mti, mwambie ndiye. Na umwambie shikamoo."

"Mti, mjibu marahaba. Mwambie jirani kaniambia kuna mbio huku, nikapanda mapema, nikawa nateremka kuwalaki nione kwa macho yangu. Mwanangu kaniambia kaacha."

"Mti, mwambie nami nimeambiwa hivyo leo asubuhi. Sijaacha, wala sikumwambia Kasimiri aseme. Naomba radhi kwa uongo wake, lakini kwa mbio zangu siombi."

Eufrazia alisikia moyo wake ukienda mbio kuliko miguu.

"Mti, mwambie na hili," akaongeza. "Nampenda mwanawe. Kama ananikataa, anikatae sasa hivi, nishuke zangu kwetu, nisiende kujichekesha kule ziwani."

"Mti, muulize, alipoingia hapo porini alikuwa wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Na sasa?"

"Hata sijui tena."

Mzee akapenga kamasi. Akapenga tena.

"Mti wangu, nimetoka Songea kuja kumkataa msichana asiye na haya. Kumbe ndiye huyu aliyeacha ushindi njiani kwa sababu ya haya. Nikirudi nyumbani niseme nini? Mwambie mkwe wangu akimbie. Nimegeuka, nimefumba macho, na kofia nimeishusha. Na afanye haraka, mgongo unaniuma, na mie sitoki wa kwanza!"

Eufrazia alitoka pale anacheka na kulia kwa pamoja. Alipanda kile kilima kama anafukuzwa, akampita msichana mmoja pale ziwa linapoanza kuonekana kati ya miti, likimetameta. Baiskeli lakini ilishakwenda kwa Yustina. Kasimiri alimkimbilia na khanga mkononi.

"Umeumia? Nini kimekupata?"

"Baba yako."

Kasimiri akakaa chini kwenye matope, na suruali yake ya pasi.

"Kasema nini?"

"Muulize mwenyewe, anakuja."

Eufrazia akajitanda khanga upesi. Mzee Ansbert alitokea mitini akitweta, akasimama akiwapa mgongo wote wawili.

"Kasimiri."

"Naam, baba."

"Mwambie mkamwana wangu nimempenda. Amenizidi miguu, na wewe amekuzidi ukweli. Wewe uliyenidanganya hupandi lori. Utateremka msitu huu kwa mbio mpaka stesheni, uonje kazi ya mwenzio."

"Baba, na viatu hivi?"

"Vua."

Akavua. Na watu wa Pugu walioshuhudia seremala akishuka kilima peku, suruali kaipandisha magotini, nyuma yake mchumba wake anamhimiza "Kaza, bwana wee!", mpaka leo wanacheka.

Walioana Temeke baada ya Pasaka. Wakati wa ngoma, mzee akasimama mbele ya bibi harusi aliyeinamisha kichwa, akamwekea mapajani kifurushi cha kumfungulia uso. Watu walitarajia kitenge. Eufrazia akafungua, akakuta raba mpya, nyeupe pepe.

Akainua macho, na kwa mara ya kwanza akamtazama baba mkwe usoni. Naye alikuwa analia.

"Haya, mama," mzee akamwambia, bila mti katikati. "Ukinikuta tena njiani, nipite."