Kanga Moja Tu Kavu

Salha amekaa mkekani. Mdogo wake, Kheri, amelala mapajani pake. Kheri anaumwa tumbo.

Prrr! Kheri anaharisha.
Waaak! Kheri anatapika.

Mama anafua. Fyu, fyu, fyu! Anaanika. Hata hajakaa chini… prrr! Jamani, tumbo gani hili lisilojua kupumzika?

Kamba ya nguo imejaa kanga. Zote zinachuruzika maji. Tii, tii, tii. Ndani imebaki kanga moja tu kavu. Amefunikwa nayo Kheri.

Asubuhi nesi wa zahanati aliwapa dawa ya unga. Mama akaikoroga kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa.

"Mpeni kidogo kidogo," nesi alisema. "Jua likizama hajakojoa, mrudisheni haraka."

Mpaka sasa Kheri hajakojoa. Midomo imemkauka. Kila mara Mama anaangalia jua.

"Salha mwanangu, mpe mdogo wako dawa. Nimalizie hizi nguo."

"Haya, Mama."

Kijiko kimoja, glu!
Tulia kidogo.
Kijiko kingine, glu!

Mkono unamuuma Salha. Miguu imekufa ganzi. Nje, wenzake wanaruka kamba.

"Salha! Njoo tucheze!"

Salha hawezi kwenda. Amechoka, amechoka kabisa.

"Kheri, kunywa yote," ananong'ona. "Upone sasa hivi." Anamwekea kikombe mdomoni.

Glu glu glu glu glu!

Kheri anameza yote. Tumbo linanguruma. Grrr…

Waaak! Dawa yote imetoka. Imemwagikia gauni la Salha. Kanga tu ndiyo imenusurika.

Salha anaangua kilio. "Mama! Nimempa kikombe kizima! Nimemzidishia ugonjwa!"

Mama anakuja mbio, mikono imejaa povu. Anamtazama Kheri. Anamtazama Salha. Kisha anakaa chini, puu!

"Umechoka, mwanangu. Hata mimi nimechoka mpaka mifupa. Na tumbo la Kheri limechoka, haliwezi vingi kwa mara moja. Basi leo tuchoke pamoja."

Wananawa mikono kwa sabuni. Salha anabadilisha gauni. Wanangoja kidogo, tumbo litulie. Mama anampakata Salha. Salha anampakata Kheri.

Kijiko kimoja, glu!
Tulia kidogo.
Kijiko kingine, glu!

Jua linashuka. Mama ameshaweka mkoba wa kwendea zahanati mlangoni. Salha anauona mkoba ule, na anaogopa.

"Kheri, kojoa basi," anambembeleza. "Kojoa kidogo tu."

Kijiko kimoja, glu!
Tulia kidogo.

Mara Salha anasikia joto mapajani. Shiii…

Joto linasambaa. Kanga kavu imelowa! Gauni safi limelowa! Mkeka umelowa!

"Mama! Kheri amenikojolea!"

Mama anapiga kigelegele. "Amekojoa! Alhamdulillahi, mwanangu amekojoa!"

Kheri anashangaa. Siku zote akikojoa mkekani hugombezwa. Leo anabusiwa!

"Dada," anasema kwa sauti ndogo. "Maji."

Salha anacheka huku machozi yakimtoka. Hajawahi kufurahi hivi kwa kukojolewa.

Mama anarudisha mkoba ndani. Anawaogesha wote wawili. Kambani kuna kanga iliyokwisha kukauka, inanukia jua. Anawafunika nayo.

Salha anasinzia, kijiko bado kimo mkononi. Mama anakichukua taratibu. Sasa ni zamu yake.

Kijiko kimoja, glu!
Lala, Kheri.
Lala, Salha. Lala.