Kamba Ndefu ya Mbuzi wa Nyanya

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Asekenye aliwafunga mbuzi wa nyanya yake kando ya Mto Malaba. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya babu, na mbuzi mweupe bado alivaa kengele ambayo babu alimfunga kabla hajafariki. Nyanya alitaka kamba iwe fupi na mbuzi wahamishwe adhuhuri. Lakini siku hizi Asekenye alikuwa na haraka. Aliunganisha kamba mbili ili wajitafutie nyasi hadi jioni.

Pale pale palikuwa na miche ya miti ambayo shule yake ilipanda baada ya mafuriko kusomba shamba la wimbi la nyanya. Shule ya ng'ambo, upande wa Uganda, nayo ilikuwa imepanda yake.

Haraka ya Asekenye ilitokana na mkutano. Gredi ya Saba ilikuwa ikiandaa mazungumzo ya mabadiliko ya tabianchi, kila kundi likiigiza nchi moja. Yeye alikuwa Kenya. Wageni kutoka ng'ambo walikuwa Uganda.

"Ni kama katika mikutano ya mataifa," Mwalimu Roselyn alieleza. "Mkataba hupita tukikubaliana sote. Mmoja akipinga, umekwama."

Ukipita, shule zote mbili zingepanda miti ukingo mzima hadi shambani kwa nyanya. Ukikwama, mvua ingekuta udongo mtupu.

Siku ilipofika, Bwire, aliyeigiza nchi tajiri, alikuja na koti la baba yake lililomfika magotini.

"Mheshimiwa Bwire," Asekenye alianza, "wazee wakizunguka chungu cha ajon, ile pombe yetu ya wimbi, kila mtu na mrija wake, ikiisha nani alete wimbi jingine? Si yule aliyekuja mapema akanywa sana? Nyinyi mmechoma makaa na mafuta tangu zamani. Sisi tumefika juzi tu, na mafuriko yanatubeba sisi!"

Darasa lilipiga makofi. Bwire akakunja mikono ya koti. "Sawa, nitaleta. Lakini msinimalize, hata koti si langu!"

Emong wa Uganda aliinua mkono. "Na Kenya imefanya nini?"

"Kenya imetimiza ahadi ya kupanda miti," Asekenye alijibu. " Miche yetu yote ni mizima."

"Basi Uganda inapinga. Dada, sisi tukiwa ng'ambo tunawaona. Kuna mbuzi mweupe hapo kwenu, ana kengele. Anakula miche kama aliyealikwa arusini!"

Watu walicheka hadi madawati yakatikisika. Winny, aliyeketi na Asekenye, alimnong'oneza, "Sema ni wa Uganda, amevuka mpaka!"

Asekenye alikuwa karibu kusema hivyo. Kisha akakumbuka mikono ya babu ikifunga ile kengele.

"Ni mbuzi wetu," alisema. "Nilirefusha kamba ili nisirudi adhuhuri. Niliona miche imetafunwa, nikanyamaza."

Bwire akauliza, "Kwa hiyo nirudishe koti nyumbani?"

"Hapana! Wewe bado utaleta wimbi," Asekenye alijibu. "Lakini Kenya itapanda upya na kuweka uzio wa miiba kabla ya kumwomba mtu chochote. Na kamba inakatwa leo."

Emong na wenzake walinong'onezana kwa Kiteso, wakisahau kwamba Asekenye pia ni Mteso. "Amesema ukweli," alisikia. "Tukubali, lakini tumsumbue kidogo."

"Msinisumbue, nimewasikia!" alisema kwa Kiteso. Emong alicheka, akainua mkono kukubali. Mkataba ukapita.

Jioni hiyo Wakenya na Waganda walikata miiba ukingoni pamoja. Bwire alibeba mzigo mkubwa kuliko wote, bila koti. Nyanya alichukua panga, akaikata kamba iwe fupi tena.

"Umezungumza vizuri, Asekenye," Mwalimu Roselyn alisema. "Nchi iliyochafua hewa zaidi lazima ibebe zaidi, na tuendelee kuidai. Lakini kuidai hakutuondolei kazi ya upande wetu. Na anayesema ukweli kuhusu kwake, wenzake humsikiliza."

Nyuma yao kengele ililia. Mbuzi mweupe alinyoosha shingo kuelekea mche mmoja, kamba ikamzuia, akajaribu tena, kisha akainama akala nyasi.