Kicheko cha Ukumbi Mtupu

Kicheko cha kwanza kilisikika mahali pasipokuwa na mtu. Mhariri wa filamu alikuwa akisikiliza dakika moja ya ukimya, ule unaorekodiwa ukumbini waigizaji wakishaondoka, ili baadaye uzibe mapengo kati ya maneno. Katikati ya ukimya huo, mtu akacheka.

Filamu yenyewe haikuchekesha hata kidogo, tuseme ukweli. Ilikuwa ya kaka yake: sherehe ya vijana wa enzi zile, na suruali za bugaluu zilizopanuka chini, na santuri, na viatu vya visigino virefu. Nguo zilikuwa za kweli, ila waliozivaa walikuwa kama sanamu. Mizaha ilichacha kabla ya kumalizika. Kaka alikuwa amezika humo miaka sita, na mhariri, dada yake, alijua kwamba filamu ikianguka, naye ataanguka.

"Kaka, nani alicheka ulipokuwa unarekodi ukimya?"

"Hakuna. Nilibaki peke yangu." Akajikuna kichwa. "Ila nilitania kidogo. Nilisema, wote mliowahi kufurahi humu, rudini, sherehe yangu imepooza."

"Ukasema kwa sauti?"

"Ulikuwa utani tu, mdogo wangu!"

Kesho yake, mchana kweupe, chumba cha uhariri kilinuka udi na jasho la watu wengi. Kwenye picha, nyuma ya wachezaji, walisimama watu ambao hakuna aliyewaajiri, wameipa kamera mgongo. Mhariri akawakata. Alipoirudisha picha walikuwepo tena, wamesogea hatua moja, na alipowakata mara ya pili wakasogea nyingine, na sasa mabega yao yalikuwa yakitikisika kwa kicheko, na mmoja wao alikuwa ameanza, polepole sana, kugeuza shingo.

"Tuifute yote," alimnong'oneza kaka yake.

"Usithubutu. Hawa ndio pekee waliowahi kuicheka."

Mganga aliyeitwa hakuvuka kizingiti. "Wamealikwa kwa mdomo," alisema kwa sauti ya chini. "Aliyewaalika aende palepale, awaage."

Kaka alikwenda shingo upande. Ukumbini vilikutwa viatu vyake tu, katikati ya sakafu, bado vina joto.

Dada alimkuta kwenye mashine ya uhariri, ndani ya picha. Alikuwa nyuma kabisa ya sherehe, peku, akisukumana na wacheza ngoma wasiomwona, akija mbele, na kila picha iliporudiwa alikuwa amekaribia zaidi, mpaka viganja vyake vikanata kwenye kioo kwa ndani na mdomo wake ukafunguka bila sauti. Angeifutaje tena filamu hiyo? Akakubali ionyeshwe, akitumaini kwamba watu wengi wakimwona, huenda mmoja wao atajua la kufanya.

Onyesho lilikuwa la mchana, viti vimejaa. Mzaha wa kwanza ukapita kimya, wa pili kimya, wa kumi kimya. Kisha kaka akafika mbele, akaanza kugonga kwa ngumi zote mbili, macho yamemtoka, akimwita dada yake kwa jina la utotoni.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na kilikuwa kilekile cha kwenye ukimya.

Mzee wa kiti cha pili alijifuta machozi, akamgusa bega mhariri.

"Huyo mwenye kugonga," alisema akihema, "huyo ndiye kaiokoa filamu."