Mraba Mmoja, Mzabibu Mmoja

Duka la machapisho la Chang'ombe lilikuwa limefurika wateja hadi barazani. Editha, mtafiti wa zabibu, alijipenyeza na gauni lake la kitenge cha zambarau mpaka mezani kwa fundi. Fundi huyo, Fabian, shati jeupe limepigwa pasi vizuri, alimtazama akasahau aliyekuwa anamhudumia.

"Mbona picha yako ni miraba mitupu, dada?"

"Shamba la baba, Makutupora. Mraba mmoja ni mzabibu mmoja. Mwekundu unaumwa, unang'olewa. Nikuzie iwe bango."

"Kwa mrembo kama wewe, nitaipendezesha."

"Wewe ichape tu."

Siku mbili za kusubiri bango, simu za Fabian hazikupoa. "Umekula, malkia wa zabibu?" Editha alicheka peke yake kama mwehu. Alikuwa amependa, na hakujificha.

Bango likaja linang'aa. Mzee Bartolomayo, aliyebishana na bintiye msimu mzima kuhusu vipimo vyake, alikubali mara hii kuifuata picha. Vibarua wakaanza kung'oa penye wekundu. Mizabibu minne ya kwanza ikatoka na mizizi mizima, haina ugonjwa wowote.

"Hiyo kompyuta yako usiilete tena shambani," mzee akasema, akawasimamisha vibarua.

Editha akampigia Fabian simu. "Umeifanyaje picha yangu?"

"Nililainisha kingo tu, mpenzi, ili..."

"Wekundu umevujia miraba ya jirani. Baba haniamini tena. Usinipigie."

Siku ya tatu Fabian akashuka kwenye bodaboda pale shambani, vumbi hadi nyusi, bango jipya begani.

"Shikamoo, mzee. Kosa ni langu, si la binti yako. Niliiacha kompyuta ichanganye rangi za miraba jirani. Sasa kila nukta ya picha nimeikuza mara ishirini kamili, bila kulainisha, na faili nimelihifadhi bila kulibana."

Editha alifungua kompyuta mpakato, akalinganisha picha na jedwali lake, mstari kwa mstari. Hakuna mraba uliokosea. Hasira ikamwishia, akabaki na hamu ya kumshika mkono.

"Mstari wa saba, mzabibu wa kumi na mbili," akamwambia baba yake.

Mzee akaenda, akageuza majani. Yalikuwa yamejikunja kwa ugonjwa. Akaenda kwenye mwingine, na mwingine, mpaka yote kumi na mmoja yenye wekundu. Akarudi anatembea kifua mbele.

"Mwanangu kasoma," akawaambia vibarua, kisha akarudia kwa Kigogo asije mtu akasingizia hakusikia. Editha alijiona mrefu kuliko nguzo za shamba.

Mzee akamgeukia Fabian. "Kutenda kosa si kosa. Umekuja kuleta bango tu?"

"Hapana, mzee. Nauliza pia wazee wangu waje lini."

Mzee akafungua mdomo, Editha akamuwahi.

"Jumapili," akasema. "Baada ya ibada."