Alama Mbili Katika Jina la Guljahon

Barua ya kwanza yenye kasoro ilimfikia Guljahon mchana, jua likiwaka juu ya theluji, na kasoro yenyewe ilikuwa ndogo kiasi kwamba mtu mwenye shughuli nyingi asingeiona. Mumewe alikuwa amemwandikia mistari kumi na miwili, yote inasomeka vizuri, isipokuwa jina lake. Pale palipotakiwa kuwa na ja na ha, herufi mbili za Kitajiki ambazo Warusi hawana, zilikaa alama za kuuliza. Hujambo, Gul?a?on. Leo umekula nini, Gul?a?on.

Guljahon hakuwa mtu mwenye shughuli nyingi. Alikuwa na vipimo vya kusoma kila baada ya saa tatu, jiko la chuma la kulisha samadi kavu, na kompyuta moja ya kutumia kupeleka namba zake mjini Khorog. Kituo cha hali ya hewa cha Zardsang kimekaa juu kabisa ya njia ya mlimani, siku mbili kwa farasi kutoka kijiji cha karibu theluji ikishaanguka. Mwenzake wa zamu, mzee Mirzonabot, alikuwa ameteremka mwanzoni mwa Januari kutibiwa figo, akaahidi kurudi baada ya wiki moja. Sasa ilikuwa wiki ya tano.

Njia ya setilaiti iliyowaunganisha na mji ilikuwa nyembamba kama uzi, kwa hiyo barua walizisoma kwenye programu ya kizamani: kioo cheusi, maandishi meupe, hakuna picha wala kipanya, kila jambo ni kuandika amri. Aliyeiweka programu hiyo ni Odinamamad, mpimaji aliyekaa pale kabla ya Guljahon. Miaka miwili nyuma, adhuhuri moja, Odinamamad alitoka kwenda kusoma kipimajoto na hakurudi. Walimkuta mwezi wa Mei, hatua arobaini nje ya uzio, amekaa kitako na mkono mmoja ameunyoosha mbele.

Jina lililotobolewa si jambo la kumtisha mtu. Kilichomshangaza Guljahon ni kwamba herufi zile zile zilikuwa nzima kwenye maneno mengine yote. Ha ya "havo", hewa, ilikuwepo. Ja ya "jon", mpenzi, ilikuwepo. Ni kwenye jina lake tu ndipo zilipotoweka.

Na barua zenyewe zilikuwa neema. Qimmatsho, mumewe, alikuwa mwaka wa tatu Yekaterinburg, Urusi, akipiga lipu, na hakuwa mtu wa barua. Aliandika mara moja kwa mwezi, kama anayejaza fomu: mzima, baridi kali, salamu kwa wote. Novemba hakuandika. Desemba hakuandika. Kisha, Mirzonabot alipoondoka, akaanza kuandika kila siku baada ya adhuhuri, barua ndefu, akiuliza mambo ambayo hakuwahi kuyauliza tangu amuoe na kumleta kwao: unalala upande upi wa kitanda, upepo ukivuma unasikiaje, ukiwa peke yako unaongea na nani. Guljahon alijibu yote. Alikuwa na miezi mingi ya majibu ndani yake.

Hata hivyo zile alama zilimkera, kwa hiyo siku moja akamwita Dilovar kwenye redio. Dilovar alikuwa mdogo wake Qimmatsho na ndiye fundi wa mitambo ya ofisi kuu Khorog. Akamweleza kwamba kuna mambo matatu lazima yaelewane: barua yenyewe iseme imeandikwa kwa jedwali gani la herufi, programu ijue inasoma kwa jedwali gani, na kioo kionyeshe kwa jedwali hilo hilo. Moja likienda kivyake, ndipo alama za kuuliza zinapozaliwa. Akamwambia aandike amri ya kuiuliza mashine inadhani iko nchi gani na inasema lugha gani. Guljahon akaandika, akamsomea jibu herufi kwa herufi: tg_TJ.UTF-8.

"Hapo pako sawa kabisa, shemeji," Dilovar alisema. "Mashine inajua iko Tajikistani. Ingekuwa imekosea, ingekosea kote. Haiwezi kuchagua jina lako peke yake ikalichukia."

"Basi inachagua."

"Labda kasoro iko upande wa kaka. Mwandikie jina lako polepole, aone linavyoandikwa. Na barua zako za kutoka nipe nakala, nizikague huku."

Guljahon akafanya hivyo. Alimwandikia mumewe barua fupi: jina langu linanifikia limevunjika, tazama, linaandikwa hivi. Akaliandika zima, kisha herufi moja moja kila moja kwenye mstari wake, kama anavyofundishwa mtoto wa darasa la kwanza.

Kesho yake barua ikaja, na jina lilikuwa zima.

Guljahon, iliandika. Guljahon. Guljahon. Sasa ninalo.

Alicheka peke yake, akapika chai ya maziwa yenye chumvi na siagi, akanywa vikombe viwili mbele ya kioo. Ni baada ya kikombe cha pili ndipo alipoisikia harufu. Ilikuwa harufu ya sufu mbichi iliyokaribia kuungua, kama mtu aliyetoka kwenye theluji amesogea karibu mno na jiko. Alikagua koti lake, limening'inia mbali. Akakagua mazulia. Harufu haikuwa na mahali; alipoifuata ilikuwa nyuma yake.

Siku zilizofuata kiti cha kompyuta alikikuta kina joto kila anapotoka nje na kurudi. Waya za uzio, ambazo huimba upepo ukivuma, zikaanza kuimba siku zisizo na upepo, noti moja ndefu ya chini, zikanyamaza mara tu alipofungua mlango. Na barua zikawa zinajua. Moja ilimwambia asivae tena soksi ile yenye tundu, ya mguu wa kushoto. Guljahon alijiambia kwamba aliwahi kumwandikia habari za soksi. Alitafuta kwenye barua zake alizotuma, hakuona mahali alipoandika, akajiambia tena kwamba aliwahi, kwa sababu upande wa pili wa fikra hiyo palikuwa na chumba kitupu, na yeye ameshaishi humo muda wa kutosha.

Siku ya kumi tangu jina lije zima, Dilovar aliita mwenyewe kwenye redio, kabla ya saa ya zamu. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama anaongea na mgonjwa.

"Shemeji, uko peke yako?"

"Nitakuwa na nani?"

"Nimezikagua barua zako za kutoka. Kuna mstari mmoja kwenye faili la mipangilio, uliwekwa na marehemu Odinamamad nadhani. Unailazimisha mashine ipeleke kila kitu kwa herufi za Kiingereza tu. Namba zinapita salama, ndiyo maana hakuna aliyegundua. Maneno hayapiti. Kila herufi uliyoandika tangu ufike huko imetoka ikiwa alama ya kuuliza."

Guljahon alisema hapana, mumewe anamjibu, anajibu kila alichoulizwa.

Dilovar alisema, "Nilimpigia kaka simu jana. Anasema hajakuandikia tangu Oktoba. Anasema ulikuwa unamtumia kurasa za alama za kuuliza, akadhani umekasirika, kwamba unamuuliza utarudi lini, utarudi lini. Akaona aibu, akaacha." Redio ikakwaruza. "Hilo jina lako ulilomwandikia mtu herufi moja moja, halikupita kwenye waya wangu. Yeyote aliyelisoma alilisoma hapo hapo."

Guljahon aliizima redio bila kuaga. Kila barua ya kweli hubeba mihuri ya mashine ilizopitia njiani, na programu ile ina kitufe cha kuionyesha. Alifungua ya jana, akabonyeza. Hapakuwa na muhuri. Akafungua ya juzi, na ya siku ya kwanza. Zote tupu, kama karatasi zilizosukumwa chini ya mlango. Kisha akafungua, humo humo kwenye mashine, kabati la barua za Odinamamad ambalo hakuna aliyewahi kulifuta, na humo akakuta miaka sita ya barua kwa binti yake Niyozbegim aliyekuwa Khorog, na miaka sita ya majibu, kila moja limekuja baada ya adhuhuri, majibu matamu ya mtoto anayempenda baba, na hakuna hata moja lenye muhuri. Jibu la mwisho lilikuwa na tarehe ya siku aliyopotea. Baba, nimefika. Niko kwenye uzio. Toka unishike mkono.

Mtambo wa setilaiti ulikuwa umezimwa tangu asubuhi ili kuokoa betri. Taa yake ilikuwa nyeusi. Hata hivyo kioo kikaandika, chini kabisa, kwamba kuna barua mpya moja.

Hakuifungua, lakini hiyo haikuzuia kitu, maana nje, katika ule weupe wa adhuhuri ambao wingu likishuka juu ya theluji mtu hajui tena ardhi inaishia wapi na mbingu inaanzia wapi, waya za uzio zilianza kuimba ile noti ya chini, na harufu ya sufu ikajaa chumba hadi machozi yakamtoka, na katikati ya mlio wa waya ikaja sauti ya Qimmatsho, sauti yake hasa, yenye ule mkwaruzo wa vumbi la lipu, ikisema amefika, ametembea njia yote, ana baridi, kwa nini hafunguliwi; na Guljahon, ambaye akili yake ilikuwa inajua kila kitu, alijikuta amesimama, amevaa koti, amevaa buti moja, mkono uko kwenye komeo la mlango, kwa sababu kujua ni kitu kimoja na miaka mitatu ni kitu kingine.

"Guljahon," sauti ilisema. "Guljahon."

Ndipo mkono wake ukasimama. Qimmatsho hakuwahi kumwita hivyo; hilo hata kwenye barua alipaswa kuliona mapema. Tangu uchumba alimwita Gulya, mbele za watu na kitandani, na akikasirika hamwiti kabisa. Sauti ile nje ilikuwa inalitamka jina zima, herufi kwa herufi, kama mtu anayesoma kitu alichoandikiwa.

Alikaa chini, mgongo kwenye mlango. Sauti ilimwita hadi jua likazama, haikukasirika hata mara moja. Ilibembeleza. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote.

Mirzonabot alifika siku ya tatu akiwa juu ya farasi, figo zake hazijapona, ameongozana na Khalifa wa kijijini, kiongozi wao wa dini, mtu mfupi mwenye mafua. Dilovar ndiye aliyewaita. Khalifa hakuuliza mengi. Alichoma majani makavu ya straxm, mmea wa kufukizia, kwenye kikaango, akazunguka na moshi kila pembe, akasoma kwa sauti ya kawaida, akanywa chai, akasoma tena. Alipofika kwenye kiti cha kompyuta, moshi ulikataa kupita juu yake. Uligawanyika ukapita pembeni, pande mbili, na katikati pakabaki umbo la kitu kilichokaa, kimejikunyata. Khalifa akasoma mara ya tatu, na hapo sauti yake haikuwa ya kawaida tena. Mlango ukafunguka wenyewe, taratibu, kama anayeondoka hataki kuamsha watu. Waya za uzio zikalia mara moja, na kimya kikaingia.

Guljahon aliuliza kama yule alikuwa ni Odinamamad.

"Hapana, mwanangu," Khalifa alisema, akijifuta pua. "Maiti haandiki. Huyu ni wa mlimani, jini wa zamani, hana watu. Alikaa na yule mzee miaka sita. Akajifunza kwake nini binadamu anataka kusikia." Akamwagiza azifute barua zote za kiumbe kile, alizoandikiwa marehemu na alizoandikiwa yeye, asizisome tena hata moja.

Mstari ule wa mipangilio waliutoa jioni hiyo hiyo, Dilovar akiwaelekeza kwenye redio. Barua ya kwanza ya kweli kutoka kwa Qimmatsho ilikuja baada ya siku mbili, na mihuri yake yote. Ilikuwa mistari minne. Mzima, baridi kali, kazi imepungua. Nisamehe Gulya, sikuelewa. Mirzonabot alimuuliza mumewe anasemaje, naye akajibu kwamba anamsalimu.

Barua za Odinamamad, zile alizoziandika kwa mkono wake, Guljahon alizituma upya kwa binti yake, sasa herufi zikiwa nzima. Zilikuwa mia nne na kitu. Wiki ilipita kabla Niyozbegim hajaja ofisini Khorog na kuomba aongee na kituo. Sauti yake kwenye redio ilikuwa ya mtu mzima aliyechoka. Alisema miaka yote ile alipokea alama za kuuliza tu. Mwanzoni alingoja mashine irekebishwe. Baadaye akaona mzee amechanganyikiwa, akaacha hata kuzifungua. Sasa amezisoma zote.

"Dada," alisema, "anajibu vitu. Kila barua inajibu kitu nilichosema, na mimi sikusema. Anasema asante kwa wimbo. Anasema amecheka siku nzima kwa ile habari ya mbuzi."

Guljahon alisema anajua.

"Zile za upande wa pili unazo? Zile alizoandikiwa kwa jina langu?" Redio ikakwaruza. "Nataka kuona ningemwambia nini."

Kwenye kioo mbele ya Guljahon orodha ilikuwa wazi, mistari myeupe juu ya weusi, haijaguswa, za Niyozbegim juu na zake mwenyewe chini. Alitazama mlango. Mirzonabot alikuwa nje, anasoma kipimajoto.

"Nimeshazifuta," alisema.

Niyozbegim alishukuru, akaaga. Guljahon akaweka redio mezani, akaanza kuzifuta kweli, moja moja, bila kuzifungua, na kazi hiyo ilimchukua hadi saa ya kipimo kinachofuata, kwa sababu zilikuwa nyingi, na kwa sababu kila alipofika kwenye zake, kidole kilikuwa kinangoja.