Maksai Mweusi wa Mahari ya Boke

Asubuhi Mzee Waitara wa Nyamwaga alipenda uji na redio. Kulima alikumbuka jua likishapanda.

Siku moja alifunga plau kwa maksai wawili, mweupe na mweusi. Mweusi alitoka kwenye mahari ya binti yake, Boke. Ilipofika saa sita mchana, mweusi akasimama. Ulimi nje, mate yanachuruzika, anahema mbiombio.

"Mvivu kama ukoo uliomleta!" Waitara akafoka. "Wakwe wametudanganya. Kesho namrudisha!"

Mkewe, Waisiko, akashtuka. "Baba Boke, ukirudisha ng'ombe wa mahari, ndoa itabaki? Mtoto ametulia kwa mume wake."

"Naye arudi!"

Waisiko akakimbia kumwita jirani yao Lilian, mtaalamu wa mifugo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mpime huyu uvivu."

"Kipimo cha uvivu sina, baba. Hebu weka mkono mgongoni kwa mweupe."

"Ana joto kidogo."

"Na mweusi?"

"Yoo! Huyu ni kikaango!"

Lilian akacheka. "Manyoya meusi hunyonya mwanga mwingi wa jua, ukageuka joto. Meupe hurudisha mwanga mwingi. Kwa hiyo mwenzake anavuta plau. Huyu anavuta plau na jua."

"Basi weusi ni mkosi?"

"Hapana. Asubuhi ya baridi akiota jua, yeye hupata joto upesi. Mweupe naye jua humuumiza, ila yeye huchelewa kidogo kupata joto. Uwalimishe alfajiri. Jua likikaza, wafungue. Wape kivuli na maji mengi."

"Alfajiri! Na redio yangu?"

"Nitakusikilizia mimi," akasema Waisiko. "Ukirudi nitakusimulia, hata matangazo ya vifo."

Wakamfungua mweusi, wakampeleka kivulini. Akanywa maji kama mtu aliyetoka kucheza ngoma harusini. Pumzi ikatulia. Waitara akakubali kumjaribu kwanza.

Kesho yake walianza kulima bado kuna ubaridi. Mweusi alivuta mpaka mweupe akaburutwa. Jua lilipokaza, wote walikuwa kivulini wakicheua. Hivyo hivyo kila siku, na shamba likaisha mapema. Mvua ilikuta mahindi yameshapandwa.

Baba mkwe wa Boke alipokuja kusalimia, aliuliza habari za ng'ombe wake.

"Ng'ombe safi sana!" akasema Waitara. "Nilimjua tangu siku ya kwanza."

Waisiko alikuwa anamimina chai. Alijifunika kanga usoni, akakohoa mpaka chai ikamwagika.